Sidi Mubarak Bombay: mkalimani wa misafara na maneno yaliyopotea njiani

Treni ya reli ya kati ikitoka Dodoma kwenda Tabora hupita Manyoni, halafu Itigi, na abiria wengi kipande hicho husinzia. Zamani hapakuwa na wa kusinzia. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwa miguu pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wetu wa Singida. Mgunda ni shamba kwa Kinyamwezi na kwa Kigogo. Ukali wake ulikuwa kiu, njaa na jua.

Katika watu waliolivuka pori hilo mara nyingi, mmoja anatajwa karibu katika kila kitabu cha wasafiri wa wakati ule. Ni Sidi Mubarak Bombay. Alilipita akielekea magharibi mara nne, na kila mara na mabwana wengine: mwaka 1857, mwaka 1860 kuingia 1861, mwaka 1871 na mwaka 1873. Kazi yake kubwa ilikuwa kusema. Wazungu walisema naye, naye akasema na watu, na watu wakijibu akawarudishia Wazungu jibu. Katika kwenda na kurudi huko maneno yalipotea, yakageuka, na mengine yalifika kinyume kabisa. Baadhi ya makosa hayo yanachekesha hadi leo. Mengine yalivunja urafiki na kuharibu ramani. Katika makala hii tunasimulia maisha yake kwa kupitia makosa hayo.

Jina lenye safari ndani yake

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji za leo. Akiwa bado mvulana, wawinda watumwa walivamia kijiji chao. Alipelekwa Kilwa, akauzwa, kisha akavushwa bahari hadi India ya magharibi, upande wa Gujarat. Huko alitumika miaka mingi na kujifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru, akapanda chombo kurudi Afrika.

Jina lake linaeleza yote hayo. Sidi ni jina ambalo Wahindi waliwaita watu wenye asili ya Afrika. Mubarak ni neno la Kiarabu, yaani aliyebarikiwa. Bombay ni mji wa India ambao leo unaitwa Mumbai. Kwa hiyo Myao huyu alirudi kwao akiwa na jina lisilokuwa na hata neno moja la Kiyao.

Zanzibar aliingia katika askari wa Sultani, akawekwa katika kituo kidogo karibu na Pangani. Hapo ndipo, mwanzoni mwa mwaka 1857, walipomkuta Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke. Walikuwa wametumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya Uingereza kutafuta maziwa makubwa ya bara. Burton alijua Kiarabu na Kihindustani vizuri, na Kiswahili alikuwa akijifunza. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alikuwa na Kihindustani kidogo tu, alichookota jeshini India. Bombay naye alijua Kihindustani chake cha mitaani. Hicho ndicho kilichowaunganisha: Mwingereza na Myao, katika nchi ya Waswahili, wakizungumza lugha ya India, na wote wawili hawakuimudu sawasawa.

Hongo na Mgunda Mkali

Msafara uliondoka pwani Juni 1857. Walipofika Ugogo walikutana na jambo ambalo wageni wengi hawakulielewa. Kila mtemi alidai hongo. Leo neno hilo maana yake ni rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Wageni waliona wananyang'anywa. Wagogo waliona jambo jingine: mamia ya watu wanapita katika nchi kame, wanakunywa maji ya visima vilivyochimbwa na wengine, wanakata kuni, kisha wanataka waende bila kutoa kitu. Majadiliano yalichukua siku nyingi, na mkalimani ndiye aliyesimama katikati. Kwa mtemi alikuwa mtu wa wageni. Kwa wageni alikuwa mtu asiyejua kupatana bei.

Baada ya Ugogo ndipo ilipoanza Mgunda Mkali. Katikati yake palikuwa na kituo kilichoitwa Jiwe la Mkoa, chenye mawe makubwa, ambapo Wakimbu walikuja kuweka makazi. Msomaji wa leo akiona jina hilo katika vitabu vya zamani asidhani ni jiwe la serikali ya mkoa, maana mikoa hiyo haikuwapo. Wasafiri waliandika majina kama masikio yao yalivyosikia. Tabora waliiandika Kazeh, na Mgunda Mkali wakaitia herufi za ziada. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma habari za kijiji chake katika vitabu hivyo asijue kwamba anasoma habari za kwao.

Mto uliogeuzwa

Mwaka 1858 msafara ulifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Swali kubwa lilikuwa moja: kaskazini mwa ziwa kuna mto Rusizi. Je, unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa mto Nile, na aliyeuona angepata sifa ya dunia nzima.

Burton alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Speke alivuka ziwa na Bombay hadi kisiwa cha Kasenge kuonana na mfanyabiashara Mwarabu, Hamed bin Sulayyim. Aliporudi alileta habari njema. Kama Speke alivyoelewa, mzee yule alisema mto unatoka ziwani kwenda kaskazini. Burton alifurahi sana. Wagonjwa wote wawili wakaingia mitumbwini, wakasafiri majuma kadhaa katika mvua na mawimbi hadi Uvira, karibu na ncha ya ziwa.

Huko walikuja kuwaona wana wa mtemi wa sehemu ile. Wakaulizwa habari za mto. Wakajibu bila kusita kwamba mto unaingia ziwani, na kila aliyekuwa pale akasema vivyo hivyo. Hapo Bombay naye akafungua kinywa: Speke hakumwelewa Hamed. Mzee alizungumzia mto unaoingia, siyo unaotoka. Tena, kwa maoni ya Bombay, Hamed mwenyewe hakuwahi kufika mbali kiasi hicho kaskazini.

Mtu anaweza kucheka, na Burton hakucheka. Lakini tuangalie njia ya neno lile. Mwingereza aliuliza kwa Kihindustani kibovu. Myao akalipeleka swali kwa Mwarabu. Mwarabu akajibu, jibu likageuzwa tena kuwa Kihindustani, likaingia katika sikio la mtu aliyetamani sana kusikia jibu moja tu. Kati ya kutoka na kuingia pana neno moja. Lilipogeuka, watu walipiga makasia majuma mengi.

Ziwa lisilo na mwisho

Miezi michache baadaye, Burton akiwa amepumzika Tabora, Speke na Bombay walikwenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858, wakiwa Mwanza, Speke aliliona ziwa kubwa ambalo alilipa jina la malkia wake, Victoria. Aliuliza ziwa linafika wapi upande wa kaskazini. Mwenyeji mmoja alielekeza uso kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono na kualisha vidole, na maana iliyomfikia Speke ni kwamba ziwa labda linafika mwisho wa dunia.

Kwa mtu wa ziwani hilo si jibu la ajabu. Ni njia ya kusema ni mbali, sijafika huko. Speke alilipokea kama kipimo. Akarudi Tabora akisema ameona chanzo cha Nile. Burton alikataa. Baadaye katika kitabu chake alifanya mzaha juu ya mnyororo ule wa lugha: Speke akiuliza vibaya, Bombay akielewa vibaya, kisha swali likipitia kwa mwenyeji anayejua lugha mbili hadi kwa yule anayeulizwa. Neno lililosafiri hivyo, aliona Burton, haliwezi kukosa ajali.

Mzaha ulikuwa na ukweli ndani yake, na bado Speke alikuwa na haki kuhusu ziwa. Mwaka 1862 aliona mahali Nile inapotoka, pale Jinja ya leo. Lakini watu wengi Uingereza hawakumwamini, kwa kuwa ushahidi wake wa mwanzo ulijengwa juu ya maneno ya kusikia. Septemba 1864 yeye na Burton walikuwa wakabiliane katika mkutano wa hadhara mjini Bath. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Burton naye akageuka: akaanza kudai kwamba Rusizi huenda kweli inatoka Tanganyika, ingawa alisikia kwa masikio yake, pale Uvira, kwamba inaingia.

Mbele ya Kabaka

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1860 Speke alirudi na James Grant, na Bombay akiwa nao. Mgunda Mkali iliwapokea kwa mvua kubwa na njaa, na wapagazi wengi wakatoroka. Msafara ulikwama Jiwe la Mkoa. Aliyetumwa kutangulia Tabora kutafuta chakula na watu alikuwa Bombay, na aliporudi na msaada ndipo safari ilipoendelea. Kwa hiyo lile dai la chanzo cha Nile lilikwama katika ardhi ya Singida, likakwamuliwa na mkalimani.

Februari 1862 Speke alifika Buganda, kwa Kabaka Mutesa. Hapo mnyororo wa lugha ulirefuka zaidi. Maneno ya Speke yalikwenda kwa Bombay kwa Kihindustani. Bombay alimpa Nasib kwa Kiswahili. Nasib alijua Kiganda, lakini haikuwa adabu kumwambia Kabaka neno moja kwa moja, kwa hiyo alimpa ofisa wa ikulu, naye ndiye aliyelifikisha. Mara nyingine, kabla jibu halijamaliza safari yake, Kabaka alikuwa ameshahamia jambo jingine.

Kituko kikubwa kilikuwa siku ya kwanza. Speke alikataa kukaa chini kama wageni wengine, akakaa juu ya kiti chake cha chuma. Wakatazamana na Kabaka kama saa nzima, hakuna anayesema. Mwishowe ofisa akaja na swali: je, amemwona Kabaka? Speke akajibu ndiyo, kwa saa nzima. Kabaka akainuka, akaondoka kwa mwendo wa madaha, unaoigiza simba. Mgeni akabaki anashangaa. Kumbe, kwa kadiri Speke alivyoelezwa baadaye, Kabaka alikuwa hajala tangu aliposikia habari za kuja kwake. Alikuwa amekwenda kula.

Safari ile haikuwa ya vicheko tu. Katika ugomvi mmoja Speke alimpiga Bombay ngumi ya uso mbele ya watu. Miaka mingi baadaye Stanley aliandika kwamba pengo katika meno ya mbele ya Bombay lilikuwa alama ya ngumi hiyo. Aliyebeba maneno ya mabwana alibeba na hasira zao.

Kurudi nyumbani kwa kupitiliza

Msafara uliteremka na Nile hadi Misri mwaka 1863. Bombay na wenzake waliobaki waaminifu hadi mwisho walipigwa picha Cairo, wakalishwa karamu, wakalipwa mishahara yao. Kisha wakapandishwa meli kutoka Suez kwenda Aden, ili wafike Zanzibar.

Ukitazama ramani utaona jinsi mambo yalivyoharibika. Zanzibar iko kusini mwa Aden. Walitakiwa wateremke Shelisheli na kubadili chombo. Badala yake walijikuta Morisi, kisiwa kilicho kusini zaidi ya Zanzibar na mbali mashariki baharini. Watu waliovuka bara zima bila kupotea walipotezwa na meli. Bahati nzuri watu wa Morisi waliwapokea kwa ukarimu, wakawachangia fedha, kisha wakarudishwa Shelisheli, na hatimaye wakafika Zanzibar.

Jibu la mto, baada ya miaka 13

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika Zanzibar kumtafuta Livingstone. Aliwatafuta kwanza watu wa Speke, na Bombay akawa nahodha wa askari wake. Wakapita tena Manyoni yetu ya leo, wakafika Tabora mwezi Juni, na Novemba wakamkuta Livingstone Ujiji. Stanley alimsema sana Bombay katika kitabu chake: msahaulifu, mpotezaji wa vitu, mpenda pombe. Lakini hakumwacha.

Mwezi huo huo Stanley na Livingstone waliingia mtumbwini kwenda kaskazini mwa ziwa kuangalia mto Rusizi. Bombay alikuwa katika safari hiyo. Safari hii hapakuhitajika mkalimani. Waliingia mdomoni mwa mto wakayaona maji yakija ziwani. Vijana wale wa Uvira walikuwa wamesema kweli mwaka 1858, na Bombay alikuwa amelirekebisha kosa papo hapo. Wakubwa walihitaji miaka 13 kuamini.

Barua kwa mtu asiyekuwapo

Mwaka 1873 Bombay alikuwa tena njiani, mkuu wa watu wa Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Walikaa Unyanyembe, karibu na Tabora, wakiwa hoi kwa homa. Tarehe 20 Oktoba alifika Chuma, mtu wa Livingstone, na barua ya Kiingereza iliyoandikwa na mwenzake Jacob Wainwright. Ilieleza kwamba baba yako amefariki.

Cameron alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa. Alisoma, hakuelewa. Akampelekea mwenzake Dillon, naye mgonjwa vilevile. Wote wawili wakabaki wanajiuliza kama ni baba yao aliyefariki. Barua haikuwa yao. Watu wa Livingstone walikuwa wamesikia njiani kwamba msafara unaongozwa na mwanawe, Oswell, kwa hiyo walimwandikia yeye. Alipoitwa Chuma mwenyewe na kuulizwa, ndipo maana ilipofunguka: Livingstone amekufa, na watu wake wanauleta mwili. Barua ilikuwa ya Kiingereza safi na wasomaji walikuwa Waingereza, bado haikueleweka mpaka aliyeileta alipoulizwa ana kwa ana.

Cameron aliendelea mbele. Novemba 1875 yeye, Bombay na wenzao walifika pwani ya Bahari ya Atlantiki, katika Angola ya leo. Mtoto wa Kiyao aliyeuzwa Kilwa sasa alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari hadi bahari.

Alichoacha

Jumuiya ya Kijiografia ilimpa Bombay medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885. Hakuandika kitabu. Yote tunayoyajua juu yake yameandikwa na mabwana zake, na wao hawakukubaliana. Burton alimsifu kwamba alikuwa bora kuliko wote msafarani. Speke alimpenda na kumpiga. Stanley alimdhihaki. Hakuna aliyeweza kufanya kazi bila yeye.

Sisi wa Singida tunalijua jambo hili zaidi ya wengi. Katika mkoa mmoja kuna Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, Kikimbu, Kisukuma, Kidatoga na, upande wa Mkalama, Kihadzabe chenye sauti zake za kualisha ulimi. Mnadani, hospitalini na barazani kila siku yuko mtu anayesimama katikati na kupeleka maneno. Mara nyingi ni mtoto aliyesoma kidogo, anayemsemea bibi yake mbele ya daktari.

Maneno yakifika yamepinda, huyo ndiye anayelaumiwa kwanza. Maisha ya Bombay yanatuonyesha kwamba kosa huanza pia kwa anayeuliza haraka, na kwa anayetaka kusikia jibu alilokuja nalo. Speke angemuuliza Hamed mara ya pili, kwa maneno mengine, labda asingepiga makasia hadi Uvira. Nasi tunapotegemea ulimi wa mtu mwingine, kwenye dawa, kwenye bei au kwenye mpaka wa shamba, tumwombe ayarudie aliyoyasikia kabla hatujaondoka.